Nili, Kaniki na Jinzi: Istilahi za Rangi Iliyopauka na Iliyopaushwa

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna tunavyopendekeza kuziita kwa Kiswahili rangi hafifu za nili zinazoonekana katika nguo za jinzi, hasa zile zilizofumwa kwa njia ya zamani, pamoja na ukingo wa kitambaa chake. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo hili lishughulishe kurasa za istilahi, ilhali sayansi, sheria na utawala bado vina mahitaji mengi. Jibu letu ni kwamba nguo ni bidhaa inayopita bandarini na kukadiriwa ushuru, hufundishwa katika vyuo vya ufundi, na hununuliwa na kila mwananchi. Neno moja lisilofaa katika hati ya shehena laweza kuifanya nguo mpya idhaniwe kuukuu, au nguo kuukuu idhaniwe mpya. Kati ya hayo mawili zimo fedha za umma na haki ya mnunuzi.

Utaratibu wa kuunda istilahi unajulikana kwa wasomaji wetu. Kwanza hutazamwa Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho ndipo hukopwa kutoka lugha za kigeni. Katika suala la nguo za pamba na rangi ya nili, ghala la kwanza halijakauka. Limejaa maneno yaliyosafiri kwa miguu kutoka Bagamoyo, yakapita Ugogo, yakapumzika Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Kwa hiyo yafaa tuanze na njia hiyo.

Nguo katika njia ya misafara

Katika karne ya 19, nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya bara. Msafara ulinunua chakula kwa nguo, ulilipa hongo kwa watawala wa njiani kwa nguo, na wapagazi walilipwa kwa nguo. Vipimo vyake vilijulikana kila mahali: shuka ilikuwa mikono minne, doti ilikuwa mikono minane, na doti kadhaa zilifanya jora. Henry Morton Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta David Livingstone, alipiga hesabu kwamba watu 100 wangehitaji doti 10 kwa siku kwa ajili ya chakula. Akaona imfaayo ni kununua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Miongoni mwa hizo za rangi, barsati ilipendwa sana Unyamwezi, na sohari ilikubalika Ugogo.

Hesabu hiyo inatufundisha jambo moja kubwa. Mnunuzi wa bara hakupokea nguo yoyote aliyoletewa. Alichagua, na kila nguo ilikuwa na jina lake. Mfanyabiashara ambaye hakuyajua majina hayo alifika Tabora na mzigo usiouzika. Istilahi za nguo, kwa hiyo, hazikuwa pambo la lugha bali chombo cha kazi, na walioziimarisha ni wapagazi, wachuuzi na akina mama waliovaa.

Tuyatazame baadhi ya majina hayo. Merikani ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho wafanyabiashara wa Salem na viwanda vya Massachusetts walikileta kwa wingi baada ya Marekani kufanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliikatiza biashara hiyo. Vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake, lakini jina lilibaki. Bafta ni kitambaa cha pamba kilichopaushwa kikawa cheupe. Ulaiti ni kile kilichotoka Ulaya. Kaniki ni kitambaa chepesi kilichotiwa rangi ya nili hadi kikakaribia weusi, na kwa kawaida kilitoka India. Hudhurungi ilikuwa nguo ya rangi ya udongo iliyoshonewa kanzu. Leo wengi wetu tunalijua neno hilo kuwa jina la rangi tu, tukiwa tumesahau nguo yenyewe.

Pamoja na hayo liko neno mtumba. Katika kamusi za zamani, mtumba ni furushi la nguo lililokunjwa na kukazwa kwa urefu ili mpagazi aweze kulichukua begani, na uzito wake ulikuwa kama ratili 70, yaani takriban kilo 32. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya mpagazi wa masafa marefu ilikwisha, lakini neno halikufa. Leo mtumba ni nguo iliyokwisha kuvaliwa na kuletwa kutoka ng'ambo, na kwa furushi lenyewe watu husema belo. Wakulima wa pamba nao wana robota. Neno lililotaja mzigo limekuwa jina la kilichomo ndani ya mzigo. Na ndani ya mitumba hiyo, katika masoko ya Tabora kama katika masoko ya miji mingine, jinzi ni nguo isiyokosekana.

Isidhaniwe kwamba bara ilikuwa ikipokea tu. Richard Burton, aliyefika Unyanyembe Novemba 1857, aliandika habari za ufumaji wa pamba aliouona Unyamwezi. Ufumaji huo ulififia kadiri nguo za kuletwa zilivyoenea. Tutaurejea mwishoni.

Tabia ya nili

Ili kuipa rangi jina linalofaa, hapana budi kwanza kuijua tabia yake. Nili ni rangi itokanayo na majani ya mnili. Neno lenyewe asili yake ni India, nalo limetufikia kwa njia ya Kiarabu. Mwaka 1883 mkemia wa Kijerumani Adolf von Baeyer aliubainisha muundo wa nili, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ilianza kuuza nili ya kiwandani. Nili nyingi inayotumika duniani leo ni hiyo ya kiwandani, lakini utendaji wake ni ule ule.

Nili haiyeyuki katika maji. Hubidi kwanza ibadilishwe kikemia ndani ya pipa lisiloingiza hewa, na hapo maji huwa ya manjano yenye ukijani. Uzi huchovywa humo, kisha hutolewa nje. Ukikutana na hewa hugeuka buluu mbele ya macho. Ukichovywa mara moja hupata buluu hafifu, na kila unapochovywa tena rangi huzidi kukolea. Kwa kuwa nili hushika zaidi upande wa nje wa uzi, kiini cha ndani hubaki cheupe. Hiyo ndiyo sababu nili hupungua kila mahali nguo inaposuguliwa: tabaka la nje likiondoka, weupe wa ndani hujitokeza.

Kaniki na jinzi zote mbili ni nguo za nili, lakini hazikutengenezwa kwa namna moja. Kaniki ilifumwa kwanza, ndipo kitambaa kizima kikatiwa rangi. Kwa hiyo mbele na nyuma yake ni sawa, na inapopauka hupauka kwa ulinganifu. Katika jinzi, nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, hutiwa nili kabla ya kufumwa, na nyuzi za mshindio, yaani zile zinazopita upande kwa upande, huachwa nyeupe. Kisha kitambaa hufumwa kwa mshazari, hivi kwamba mtande huonekana zaidi mbele na mshindio nyuma. Ndiyo maana ndani ya suruali ya jinzi kuna weupe, na ndiyo maana magoti, mifuko na mapaja hupauka kila mahali kwa kiasi chake.

Kutokana na tofauti hiyo, hatupendekezi neno kaniki litumike kama jina la kitambaa cha jinzi. Liko pia jambo la historia. Katika pwani, kaniki na merikani zilikuwa mavazi ya watumwa na mafukara, na baada ya utumwa kuondolewa kisheria Unguja mwaka 1897 wanawake wengi walizivua kwa hiari na kujifunga kanga. Neno lenye kumbukumbu kama hiyo halihamishwi ovyo. Lakini kama jina la rangi, kaniki yafaa sana, kama vile hudhurungi ilivyofaa. Kwa kitambaa tunapendekeza denimu, na kwa vazi jinzi, neno ambalo wananchi wamekwisha kulikubali. Wala si aibu kukopa hapa. Denimu kwa kawaida huhusishwa na mji wa Nîmes wa Ufaransa, na jinzi na mji wa Genoa wa Italia. Kuipa nguo jina la mahali ilikotoka ni desturi yetu tangu merikani.

Pauka, pausha na chujuka

Hapa ndipo lilipo kiini cha makala haya. Jinzi ya rangi hafifu yaweza kuwa imeipata rangi hiyo kwa njia tatu zilizo mbali mbali. Yaweza kuwa uzi wake ulichovywa mara chache tangu mwanzo. Yaweza kuwa ilikolea kwanza, kisha ikafanyiwa kazi kiwandani ili ionekane kama iliyovaliwa. Au yaweza kuwa imevaliwa kweli, ikafuliwa na kuanikwa juani miaka mingi. Kwa jicho, nguo hizo tatu zaweza kufanana. Katika hati, hazifanani hata kidogo.

Wafasiri wengi huandika kwa zote tatu kwamba rangi imechujuka. Tunaliona neno hili kuwa halifai. Kitu kilichochujuka ni kitu kilichopoteza ubora wake. Nguo ikichujuka baada ya kufuliwa mara moja, mnunuzi huirudisha dukani, na mwimbaji aliyechujuka ni yule ambaye watu hawamtaki tena. Kufifia nako ni kwa mwanga, sauti au alama inayoelekea kutoweka. Kukwajuka ni kwa ua au uzuri wa sura. Neno linalobaki ni kupauka, yaani kuingia weupe. Ngozi hupauka kwa kukosa mafuta, na paa hupauka kwa jua. Neno hili halisifu wala halilaumu, bali linaeleza hali.

Faida yake kubwa zaidi imo katika mnyambuliko. Kiswahili kinaweza kuonyesha kwa herufi chache kama jambo limetokea lenyewe au limetendwa na mtu. Jinzi iliyopauka ni ile ambayo nili yake imepungua kwa kuvaliwa, kufuliwa na jua. Jinzi iliyopaushwa ni ile ambayo fundi au mashine imeifanya iwe hivyo kwa makusudi. Na ile ambayo uzi wake ulichovywa kidogo tangu pipani, haikupauka wala haikupaushwa: imetiwa nili hafifu. Kwa kitenzi kimoja na kivumishi kimoja tumezitenganisha njia zote tatu, bila kukopa neno hata moja.

Umuhimu wa tofauti hii unaonekana forodhani. Katika utaratibu wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao hutumiwa pia katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, suruali mpya za kiume za kitambaa kilichofumwa huwekwa katika kifungu 62.03, na za kike katika 62.04. Nguo zilizovaliwa huwekwa katika kifungu 63.09, kwa sharti kwamba zionyeshe dalili dhahiri za kuvaliwa na ziwe zimeletwa kwa wingi bila kupangwa, au katika mabelo, magunia au vifungashio vya namna hiyo. Sasa tufikirie hati ya Kiswahili inayosema tu kwamba suruali 500 za jinzi zina rangi iliyochujuka. Je, dalili hizo ni za kuvaliwa au ni za kiwandani? Msomaji wa hati hawezi kujua. Lakini hati ikisema zimepaushwa, amekwisha kuelewa kwamba ni mpya, na ikisema zimepauka, amekwisha kuelewa kwamba zimevaliwa.

Hata maelezo ya denimu yenyewe katika utaratibu huo yanategemea vivuli vya rangi. Denimu huelezwa kuwa kitambaa cha nyuzi za rangi tofauti, kilichofumwa kwa mshazari wa nyuzi tatu au nne, ambacho mtande huonekana zaidi upande wa mbele. Nyuzi zote za mtande ni za rangi moja, na nyuzi za mshindio ama hazikupaushwa, ama zimepaushwa, ama zimetiwa rangi ya kijivu, ama zina rangi ya mtande iliyo hafifu zaidi. Mfasiri asiye na neno la rangi hafifu hawezi kuyatafsiri maelezo haya. Lakini aliyezoea merikani na bafta anao tayari mfano wa uzi usiopaushwa na wa uzi uliopaushwa.

Liko na suala la afya. Miongoni mwa njia za kupausha jinzi ni kuipiga kwa mchanga unaorushwa na hewa ya nguvu. Vumbi la mchanga huo limewaletea wafanyakazi ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na Uturuki iliipiga marufuku njia hiyo mwaka 2009. Neno paushwa linatukumbusha kwamba kuna aliyeifanya kazi hiyo. Mwalimu wa ufundi anayefundisha usalama kazini atalihitaji.

Ukingo wa kitambaa

Katika mashine za zamani, uzi wa mshindio hupitishwa upande mmoja hadi mwingine, kisha hugeuka na kurudi bila kukatwa. Kwa sababu hiyo pande mbili za kitambaa hujifunga zenyewe na hazifumuki. Kitambaa cha mashine hizo ni chembamba, upana wake kwa kawaida ukiwa kati ya sentimita 70 na 80. Mashine nyingi za leo hufuma kwa haraka zaidi na kwa upana mkubwa zaidi, lakini hukata mshindio kila unapopita, na pande hubaki na nyuzi zilizo wazi. Kiwanda cha White Oak cha Greensboro, Marekani, kilichojulikana sana kwa denimu ya njia ya zamani, kilifungwa mwaka 2017. Huko Japani, hasa katika jimbo la Okayama, kazi hiyo inaendelea. Suruali yake ikikunjwa miguuni huonyesha utepe mweupe, mara nyingi wenye uzi mmoja mwekundu.

Utepe huo tuuiteje? Wengine wamependekeza upindo. Lakini upindo hukunjwa na kushonwa kwa sindano, na hapa hapana sindano. Wengine wamependekeza taraza, neno zuri la zamani kwa ukingo wa rangi uliofumwa katika kitambaa. Tatizo ni kwamba watu wengi leo wakisikia kutarizi huwaza nakshi za sindano. Tunapendekeza ukingo wa kufumwa, kwa kuwa unajieleza wenyewe, na kinyume chake ukingo wa kukatwa. Taraza libaki kwa uzi wa rangi unaopita katika ukingo huo.

Mapendekezo

Kwa vivuli vyenyewe, tunapendekeza ngazi nne, kutoka kilichokolea hadi kilicho hafifu:

Nili ya kaniki: rangi iliyokaribia weusi, kama ya jinzi ambayo haijafuliwa.

Nili iliyokolea: buluu nzito ambayo ubuluu wake unaonekana bila shaka.

Nili hafifu: buluu nyepesi ambayo weupe wa mshindio umeanza kujitokeza.

Maji ya nili: weupe wenye ubuluu kidogo, kama wa nguo nyeupe iliyosuuzwa katika maji yenye nili. Muundo huu si mgeni kwa anayeijua rangi ya maji ya kunde.

Huenda ikaulizwa kwa nini tusitumie samawati, neno ambalo tayari limo katika vitabu vya shule. Samawati ni rangi ya anga, nayo yafaa kwa rangi ya ukuta, gari au karatasi. Lakini haielezi kitu kilichotiwa rangi kwa nini, wala haimwonyi mfuaji kwamba rangi hiyo itapungua. Nili inaeleza yote mawili.

Ngazi hizi huandamana na kitenzi kinachoonyesha sababu. Hati ya mwingizaji bidhaa itaandika hivi: suruali ya jinzi, mpya, ya denimu yenye ukingo wa kufumwa, iliyopaushwa hadi nili hafifu. Mwenye duka la mitumba ataandika hivi: suruali ya jinzi, ya mtumba, iliyopauka hadi maji ya nili. Tunaamini kwamba afisa wa forodha, mwalimu wa ushonaji na mnunuzi wa Tabora wataielewa kila moja bila kuuliza.

Limebaki pengo moja. Kwa mtande, mshindio na kitanda cha mfumi tunayo maneno yaliyokwisha kuingia katika kamusi, lakini chombo kile kinachobeba uzi wa mshindio na kukimbia huku na huku kati ya nyuzi za mtande hatujakipendekezea istilahi hapa. Kabla ya kukopa, utaratibu wetu unatutaka tuzitazame lugha za Kibantu, na Unyamwezi ni nchi iliyofuma pamba kabla ya merikani kuenea. Tunawaomba walimu wa Tabora, Nzega, Sikonge na Urambo wawaulize wazee maneno ya ufumaji wanayoyakumbuka, wayaandike pamoja na maana zake na mahali yalipopatikana, na kuyaleta katika Baraza. Neno la kazi iliyokwisha kuachwa hudumu muda mrefu kidogo tu baada ya kazi yenyewe, na anayelijua leo huenda asiwepo mwakani.